Kubeba na Kubonyeza: Mhadhara Juu ya Kushika Pedi ya Gemu



Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, nasikia wapo wazee waliouliza kama maandishi yamekosewa. Mtu wa tiba ya viungo aje azungumze jioni nzima juu ya kushika pedi ya gemu? Hayakukosewa. Siku hizi wanaokuja kwangu na maumivu ya mikono si mafundi seremala na kina mama wanaofua nguo za watu peke yao. Wapo wanafunzi wa sekondari, wapo makondakta, yupo hata mwalimu wa hesabu. Nikiwauliza mkono ulianza kuuma wakifanya nini, hunitazama kwanza kuona kama nitawacheka, kisha hujibu: FIFA.

Banda la gemu mnalijua. Runinga mbili tatu ukutani, benchi, feni isiyotosha, na kijana wa kukusanya hela. Unalipa kwa mechi, unakabidhiwa pedi ambayo bado ina joto la mikono ya aliyefungwa, refa anapuliza. Hakuna anayekuambia uishike vipi. Shuleni mwalimu hupita akisahihisha vidole vya mtoto kwenye penseli, na uwanjani kocha huonyesha ni sehemu gani ya mguu iguse mpira. Kwenye pedi kila mtu hujifundisha mwenyewe, na anachojifundisha ni kile mkono wake ulichofanya siku ya kwanza kwa hofu ya kufungwa. Miaka kumi baadaye bado anaishika hivyo hivyo.

Nina hoja moja tu jioni hii, na mengine yote nitakayosema yanaizunguka. Mikono iliyoshika pedi ina kazi mbili: kuibeba na kuibonyeza. Vidole vinavyobeba visibonyeze, na vinavyobonyeza visibebe. Karibu kila mshiko mbaya niliouona, ukiuchunguza, utakuta kidole kimoja kimepewa kazi zote mbili.

Tuanze na mkono wenyewe. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, hapo kati ya kiwiko na kifundo, kisha chezesha vidole vya kulia kana kwamba unapiga kinanda. Mnahisi nyama ikitembea chini ya ngozi? Misuli mikubwa inayokunja vidole imelala huko juu, haiko kwenye vidole. Nguvu yake husafiri kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Upande wa kiganja kuna uwazi mwembamba, mifupa midogo ya kifundo ikiwa chini yake na ukanda mgumu ukiwa juu, na katika uwazi huo hupita kano tisa pamoja na neva moja. Kano hizo hufanya kazi kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya ala yake: waya ukinyooka, breki hushika kwa kuguswa tu, ukipindishwa kona kali, unabana kwa nguvu zako zote na tairi bado linazunguka.

Msiniamini, jaribuni. Kunja kifundo kuelekea ndani kadiri kinavyokubali, kisha ukiwa hapo hapo funga ngumi. Naona mnacheka. Ngumi haifungi, na wanaolazimisha wanahisi mvuto juu ya mgongo wa mkono. Sasa nyoosha kifundo, kisha kirudishe nyuma kidogo, mgongo wa kiganja uelekee kwenye kigasha. Funga ngumi tena. Imefunga yenyewe. Mkono ni ule ule na misuli ni ile ile, kilichobadilika ni pembe ya kifundo. Mchezaji anayecheza vifundo vikiwa vimening'inia chini ya magoti analipa nguvu mara mbili kwa kila pasi, na halijui deni hilo mpaka kipindi cha pili.

Mwaka 1956 daktari Mwingereza, John Napier, aliandika makala ambayo sisi wa fani hii bado tunaifundisha. Aliigawa mishiko ya mkono wa binadamu katika makundi mawili. Upo mshiko wa nguvu, ambapo vidole hukizingira kitu na kukibana kwenye kiganja, mfano mpini wa nyundo. Na upo mshiko wa usahihi, ambapo kitu hushikwa baina ya kidole gumba na ncha za vidole vingine, mfano sindano. Pedi ina tabia ya ajabu kwamba inaitaka mishiko yote miwili kwa wakati mmoja katika mkono ule ule. Vidole vitatu vya mwisho vinafanya kazi ya nyundo, kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi ya sindano. Mambo yakiwa magumu uwanjani, mkono wenye wasiwasi huigeuza yote kuwa nyundo. Hapo ndipo pasi fupi inapomfikia golikipa wa wapinzani.

Wabunifu wenyewe walichukua muda kulielewa hili. Famicom ya Nintendo ilipotoka Japani mwaka 1983, ambayo nakala zake za bei nafuu zilifika hadi sebule zetu, pedi yake ilikuwa kipande bapa cha plastiki chenye pembe nne. Upande wa kushoto kulikuwa na msalaba wa kuelekeza, kazi ya Gunpei Yokoi, ambao ulikuwa umeshatumika mwaka 1982 kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong. Msalaba ule ulikuwa uvumbuzi mkubwa wa kubonyeza. Kwa upande wa kubeba, hakuna aliyefikiri sana: zile pembe ziliingia kwenye viganja na zikakaa humo. Mwaka 1990 Super Famicom ilizungusha ncha za pedi na kuweka vitufe vya L na R juu, na kwa mara ya kwanza vidole vya shahada vikapewa kazi ya kubonyeza. Lakini ukivitoa vidole vya shahada kwenye kubeba, nani abebe?

Jibu lilikuja Desemba 1994 na PlayStation. Mbunifu wake, Teiyu Goto, aliipa pedi mishikio miwili inayoshuka kuelekea kwa mchezaji, ili vidole vya nyuma vipate mahali pa kukumbatia. Ndani ya Sony walikuwepo wakubwa walioiona ni ya kigeni mno na wakataka kitu bapa kinachofanana na cha Super Famicom, kwa sababu wachezaji walikwishakizoea. Norio Ohga, mkuu wa kampuni, akasimama upande wa mishikio. Uamuzi ule mmoja ndio unaokuwezesha leo kuwa na vidole vinne huru, magumba mawili na vidole vya shahada viwili, bila pedi kuanguka mapajani. Vijiti viwili vya analogi vilipoongezwa mwaka 1997, vilikuta mkono tayari umeshapangwa.

Nintendo nao, mwaka 1996, walitoa pedi ya Nintendo 64 yenye mishikio mitatu. Mitatu, kwa kiumbe mwenye mikono miwili. Kijiti kiliwekwa kwenye mshikio wa kati, na mchezaji alipaswa kuchagua mikono ikae wapi kulingana na gemu. Kisha ikaja Mario Party, yenye vijimchezo vinavyotaka uzungushe kijiti kwa kasi kuliko mwenzako. Watoto waligundua kwamba kiganja kinazungusha haraka kuliko kidole gumba. Walishinda, na viganja vikatoka malengelenge. Mwaka 2000 kampuni ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa wachezaji glavu. Kwangu kisa hiki kina maana kubwa kuliko kichekesho chake: kiganja, ambacho kazi yake ni kubeba, kilipewa kazi ya kubonyeza, na ngozi ikachanika.

Sasa tuishike pedi. Nazungumzia pedi ya PlayStation ya sasa, ile yenye uzito wa takriban gramu 280, lakini maneno haya yanafaa kwa nyingi nyingine.

Kidole kidogo, cha pete na cha kati vizungushe mshikio kwa nyuma, vikiwa vimelegea. Mshikio ulalie ile nyama iliyo chini ya kidole gumba, na si katikati ya kiganja. Pakibaki nafasi ndogo ya hewa kati ya kiganja na plastiki, umepatia. Gramu 280 ni uzito mdogo, chini ya chupa ndogo ya maji, na umegawanywa kwa mikono miwili. Hakuna sababu yoyote ya kimwili ya kuikaba. Vidole vya shahada vikae juu ya vitufe vya R2 na L2, ncha zake zikigusa mkunjo wa kitufe, kiungo cha kati cha kidole kikiwa kimekunjwa kidogo. Kidole gumba kikae kwenye kijiti kwa ile sehemu laini iliyo nyuma tu ya ncha. Ukikiweka kwa ncha kabisa kitateleza, na ukikilaza mpaka kwenye kiungo hutaweza kurudi haraka. Kiwe kimepinda kidogo, kwa sababu kidole kilichonyooka kabisa kinaweza kuvuta lakini hakiwezi kusukuma zaidi.

Jambo moja watu hulisahau. Kijiti kikishafika ukingoni mwa duara lake, mashine imeshapokea namba ya mwisho. Kusukuma zaidi hakumwongezei Mbappé hata hatua moja. Nguvu ya ziada haiendi kwenye runinga, inabaki kwenye kano zako. Shuti nalo ni hivyo hivyo. Katika gemu hizi za mpira nguvu ya shuti hutokana na muda ulioshikilia kitufe, ndiyo maana kile kipimo hujaa polepole. Ukali wa kidole hauhusiki kabisa. Lakini nendeni bandani mkatazame watu wakipiga penalti. Mabega yanapanda, pedi inainuliwa hadi kifuani, meno yanaonekana. Mimi mwenyewe hupenda kuwatazama, kusema kweli, ni burudani kuliko mechi. Ila mkono unaobana hivyo hutetemeka, na mkono unaotetemeka hauwezi kukisimamisha kipimo pale unapotaka.

Ukitaka kujipima, subiri marudio ya goli, wakati hakuna la kufanya. Inua vidole gumba vyote viwili na vya shahada vyote viwili kwa pamoja, viache hewani. Pedi ikitulia, mgawanyo wako wa kazi ni mzuri. Ikiinama au ikitaka kuanguka, basi vidole vyako vya kubonyeza vilikuwa vinabeba kwa siri. Kipimo cha pili ni kucha ya kidole gumba. Ukiwa unakimbia na mpira, itupie jicho. Ikiwa imegeuka nyeupe, unakandamiza hadi unafukuza damu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili la vitufe vya R1 na R2: kidole kimoja au viwili? Vijana wana ugomvi mkubwa juu yake, na wengine huliona kama suala la dini. Kwenye PES ya zamani, gemu nyingine ya mpira, kukimbia kulikuwa R1, kwenye FIFA ni R2, kwa hiyo wapo watu wazima ambao mshiko wao unaonyesha walilelewa na gemu ipi. Wenye kidole kimoja hukipeleka cha shahada huku na huku. Wenye viwili huweka cha shahada juu ya R1 na cha kati juu ya R2, visihamehame.

Kwa gemu ya mpira, msimamo wangu ni kidole kimoja. Ukipeleka cha kati juu, umekitoa kwenye kundi la kubeba, na pedi sasa inategemea cha pete na kidogo, ambavyo kwa mtoto wa miaka kumi havifiki hata nusu ya mshikio. Na unachokipata ni kidogo. Shuti la kuzungusha, R1 pamoja na kitufe cha duara, halihitaji uwe unakimbia. Kidole kina muda wa kutoka R2, kwenda R1 na kurudi. Tena kukiondoa kidole kwenye R2 ni faida: anayeshikilia kukimbia kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini mpira humtoka mguuni, na msuli wa kidole uliobanwa bila kulegezwa hukosa damu ya kutosha ukachoka mapema. Wachezaji wazuri mnaowaona huachia na kubonyeza, huachia na kubonyeza. Mnadhani ni ufundi wa gemu. Ni ufundi wa gemu, na ni mapumziko ya mkono.

Kwenye gemu za kurusha risasi nasema tofauti. Huko R1 na R2 vinaweza kutakiwa karibu kwa wakati mmoja, na mtu mzima mwenye mkono wa kutosha anaweza kutumia viwili kwa raha. Mwenye mkono mdogo asijilazimishe kwa kuwa tu amemwona bingwa fulani akifanya hivyo.

Hapa naingia kwenye ule mshiko ambao vijana wananisubiri niuseme: mshiko wa ukucha. Kidole gumba cha kulia hubaki kwenye kijiti cha kulenga, kisha kidole cha shahada hukunjwa kutoka juu kama ukucha wa kipanga kikabonyeza X, duara, mraba na pembetatu. Kwa njia hiyo unaruka bila kuacha kulenga. Mshiko huu ulipata umaarufu Japani kwa wachezaji wa gemu ya Monster Hunter kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Mashine ile ilikuwa na kijiti kimoja tu, upande wa kushoto, na kamera iliendeshwa kwa mishale iliyokuwa juu ya kijiti hicho. Mnyama mkubwa anakuzunguka, unatakiwa kukimbia na kumtazama kwa wakati mmoja, na gumba la kushoto ni moja. Basi wakakunja kidole cha shahada cha kushoto juu ya mishale. Haukuwa ujanja wa kujionyesha. Mashine ilikuwa na upungufu, mkono ukaujaza.

Ni mshiko wenye akili, na ni mshiko ninaouogopa. Kiungo cha kati cha kidole kinakunjwa sana huku ncha ikitakiwa kugonga haraka, na kifundo cha mkono hupinda pembeni ili kidole kifike. Waya wa breki tena. Monster Hunter ilipofika kwenye 3DS ya Nintendo mwaka 2011, siku ile ile Nintendo walianza kuuza kifaa cha kupachika chenye kijiti cha pili. Kampuni iliona ni afadhali kuongeza plastiki kuliko kuendelea kuvunja vidole vya wateja.

Leo kuna njia rahisi zaidi. Pedi za bei kubwa, kama ile ya Elite ya Xbox ya mwaka 2015 na DualSense Edge ya PlayStation ya mwaka 2023, zina vibapa vya kubonyeza kwa nyuma, pale vidole vinapopita. Najua bei zake, sisemi mkanunue. Lakini tangu mwaka 2015 PlayStation 4 inaruhusu kubadilisha vitufe kwenye mipangilio yake bila kulipa hata shilingi, na PlayStation 5 vivyo hivyo. Ukiona gemu inataka uruke na kulenga pamoja, hamisha kuruka kwenda L1. Utakosea siku chache za mwanzo, kisha mkono utasahau kwamba kuliwahi kuwa na mpango mwingine. Badilisha vitufe kabla ya kubadilisha vidole: huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wowote, na ndio unaopuuzwa kuliko wowote, kwa kuwa vijana huona kubadilisha mipangilio ni kukiri udhaifu.

Niwasimulie sasa kisa ambacho kimenifanya nibadili namna ninavyofikiri juu ya jambo hili lote. Kinahusu Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989, ile ya matofali yanayoshuka.

Katika gemu ile, ukishikilia msalaba kulia au kushoto, tofali husogea mara moja, husubiri kidogo, kisha huanza kuteleza kwa mwendo wa nafasi 10 kwa sekunde. Mwendo huo unatosha hadi hatua ya 28 ya gemu. Hatua ya 29 matofali yanashuka kwa kasi ambayo kwa kushikilia tu huwezi kuyafikisha ukingoni. Kwa miaka mingi watu waliamini hapo ndipo mwisho. Walikuwepo wachache, akiwemo Thor Aackerlund, bingwa wa mashindano ya Nintendo ya mwaka 1990, waliokaza msuli wa mkono hadi kidole gumba kikatetemeka juu ya msalaba na kugonga haraka kuliko mashine inavyoteleza. Mwaka 2018 kijana wa miaka 16, Joseph Saelee, alitumia ugongaji wa aina hiyo kumshinda Jonas Neubauer, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara saba. Lakini kugonga huko kulikuwa na gharama. Msuli unaotetemeshwa kwa makusudi hauwezi kwenda saa nzima.

Kisha mchezaji anayejulikana kwa jina la Cheez akaigeuza pedi kichwa chini, namaanisha aligeuza mawazo. Badala ya kidole gumba kugonga msalaba, gumba lilitulia tu juu yake, likigusa bila kubonyeza. Vidole vya mkono wa pili vikaenda nyuma ya pedi, vikaigonga kwa zamu: kidogo, cha pete, cha kati, cha shahada. Kila kidole kinapogonga mgongo wa pedi, pedi yote huruka juu kidogo na msalaba hukutana na gumba. Kidole hakiendi kwenye kitufe. Kitufe kinakuja kwenye kidole. Vidole vinne vinagawana kazi ambayo kimoja kilikuwa kinaifanya kwa mateso, na mabonyezo yakapita 20 kwa sekunde. Wengi wanaotumia mbinu hii huvaa glavu mkono mmoja ili vidole viteleze vizuri.

Tarehe 21 Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Willis Gibson, akicheza kwa mbinu hii, alifika hatua ya 157 na gemu ikaganda. Ilikuwa imetimia miaka 34 tangu itoke, na hakuna binadamu aliyekuwa ameifikisha hapo. Alikuwa amecheza kama dakika 38 mfululizo. Kama ni kwa mtetemo ule wa zamani, sijui ni mkono gani ungevumilia muda wote huo katika kasi hiyo.

Mnaona kwa nini nakipenda kisa hiki. Cheez hakutafuta nguvu zaidi. Alikaa akauliza ni nani anabeba na ni nani anabonyeza, akavibadilishia kazi vidole. Pedi ya NES, yaani Famicom ya Marekani, nayo bapa isiyo na mishikio, ndiyo iliyomruhusu, kwa sababu mgongo wake ni tambarare. Mbinu hii haifai kwenye pedi ya PlayStation na haina maana kwenye mpira, kwa hiyo msije mkaniambia nimewatuma mkapasue pedi za watu.

Kuhusu maumivu nitakuwa mfupi, maana hiyo ni kazi ya chumba cha matibabu. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza uvimbe wa ala inayopitisha kano mbili za kidole gumba pembeni mwa kifundo. Tunauona sana kwa kina mama wanaonyanyua watoto wachanga kwa kuwashika makwapani, magumba yametanuka. Tunauona pia kwa wachezaji. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole vingine, kisha inamisha ngumi polepole upande wa kidole kidogo. Maumivu makali kwenye mzizi wa gumba ni sababu ya kumwona mtaalamu. Mwaka 1990 daktari Richard Brasington aliandika barua kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumia kano kwa kucheza Nintendo, na akaupa ugonjwa huo jina la utani, Nintendinitis. Jina linachekesha, lakini mkono wake ulikuwa unauma kweli. Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, ni habari nyingine, ya ile neva inayopita kwenye uwazi niliowaeleza. Hiyo usiisubiri.

Wapo pia ambao mikono yao haiwezi kushika pedi ya kawaida kwa namna yoyote: aliyepoteza vidole kwenye mashine, aliyezaliwa na mkono mmoja, aliyepooza upande mmoja. Microsoft walitoa mwaka 2018 kifaa kinacholala mezani, chenye vitufe viwili vikubwa na matundu mengi ya kuunganisha swichi za aina yoyote, hata ya kukanyaga kwa mguu. Sony walitoa chao Desemba 2023. Pedi hizi zimeitenga kabisa kazi ya kubeba: meza inabeba, mtu anabonyeza. Sijaziona bandani hata moja, na ningependa siku moja kuziona.

Nimalizie na wenye mabanda, maana naona wawili watatu wamekuja. Ndugu zangu, shusheni runinga. Nyingi zimetundikwa juu kama za baa, na mchezaji aliyeinua shingo huinua mabega, na mabega yakipanda vifundo hujikunja. Wekeni benchi lenye egemeo, au angalau sogezeni lililopo liguse ukuta, ili mtu akae nyuma na kulaza vigasha juu ya mapaja. Badilisheni mpira wa juu ya vijiti ukishaisha, maana kijiti kinachoteleza hulazimisha mtoto kukandamiza, na kijiti kinachovuta chenyewe upande mmoja humfanya apigane nacho mechi nzima. Wekeni kitambaa cha kufutia jasho. Na mteja akilipia mechi tano mfululizo, kati ya ya tatu na ya nne mpeni dakika tano asimame, hata kama foleni inalalamika.

Mezani hapa nimeweka pedi nne, ikiwemo moja ya zamani ya PlayStation ya kwanza. Mwenye swali juu ya mkono wake asinieleze kwa maneno. Aje aishike, nimwone.